Mtetemo wa Motokaa Iliyosimama

Kazi yangu ni kuhesabu mizani. Nimefundisha arudhi ya ushairi wa Kiswahili katika chuo kikuu kwa miaka kumi na minne, na shahada ya uzamivu niliipata kwa kuandika juu ya jambo hilo hilo. Mshororo uliopungua silabi moja hunikwaza masikioni kabla sijapata kujua maana yake. Nalitaja hili mapema ili msomaji apate kunicheka kwa haki. Katika mwezi wa Julai mwaka 2023, nilipokwenda likizo nyumbani kwetu Mtendeni, mjini Tabora, niliketi siku tatu mbele ya motokaa ya baba yangu nikisikiliza mtambo uliopotewa na mizani, na sikuambulia kitu ila kelele.

Motokaa yenyewe ni Peugeot 504 iliyoundwa mwaka 1979. Baba aliinunua mwaka 1988 kwa mtu aliyekuwa akihama, nami nilikuwa mtoto wa miaka minane. Baba alikuwa dereva wa gari la moshi katika njia ya Tabora na Kigoma, kilomita 400 hivi za miombo, na watu wa kazi ile hawakuwa wepesi wa kuusifu mtambo mdogo. Lakini Peugeot aliziheshimu. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni motokaa saba tu zilizofika mwisho wa mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, na mara zote mbili iliyotangulia ilikuwa Peugeot 404. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Baba alizitaja tarehe hizo kama watu wengine wanavyotaja nasaba zao, nasi watoto tulizihifadhi kabla ya kuhifadhi meza ya hesabu.

Mwaka ule wa 2023 alikuwa ametimiza miaka sabini na saba. Miaka mitatu nyuma daktari alikuwa ametuambia kuwa ana maradhi ya Parkinson, yaliyopewa jina la tabibu wa Kiingereza, James Parkinson, aliyeyaeleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Chembe fulani za ubongo hufa polepole, na mwili hupungukiwa na kitu kinachouwezesha kwenda kwa ulaini. Mkono wa kuume wa baba hutetemeka unapopumzika juu ya goti. Akiunyosha kushika kikombe hutulia. Akikirudisha kikombe sahanini, akauweka mkono gotini, huanza tena. Mwaka 2021 aliacha kuendesha. Jioni moja alirudi kutoka sokoni, akatundika ufunguo katika msumari wa ukumbini, akasema kuwa mguu wake umekwisha nguvu. Alikuwa amekanyaga breki ili amwepe mtu wa baiskeli, na breki ikawa nzito hata akadhani amekanyaga jiwe. Mtu wa baiskeli alisalimika. Nilipopewa habari kwa simu nilimsifu baba kwa busara yake, nikawaeleza ndugu zangu kwa kirefu jinsi maradhi yale yanavyoizuia miguu. Nilikuwa nimesoma makala mbili, nikajiona tabibu.

Tangu siku ile motokaa ilikaa uani chini ya mwembe. Mdogo wangu aliiwasha kila Jumapili ili betri isife, lakini hakuitoa barabarani, kwa kuwa yeye ni mtu wa pikipiki. Na kila ilipowashwa ilitetemeka. Ukikanyaga mafuta ilitulia kama maji ya mtungini. Ukiondoa mguu, ikabaki inaunguruma pale pale, ilishikwa na mtetemo wake: kioo cha kutazamia nyuma kilicheza hata sura ya mtu ikawa mbili, mlango mdogo wa dashibodi ukalia, na usukani ukawasha viganja. Baba mdogo, mtu mwenye haraka na mambo ya wengine, alikwisha mpata mnunuzi wa chuma chakavu. Alisema motokaa ikitetemeka hivyo imekwisha. Nilipomtazama baba ili nijue atajibu nini, alisema, "Kama imekwisha, imekwisha," akautazama mkono wake. Niliomba nipewe majuma mawili.

Hali ya injini kuzunguka huku motokaa imesimama ina jina la ajabu kwa mafundi wetu: huiita sailensa. Neno ni la Kiingereza, na huko kwao ni jina la chombo kinachopunguza kelele katika bomba la moshi. Yamkini lilihama maana kwa sababu injini isiyokanyagwa mafuta ndiyo iliyo karibu zaidi na kunyamaza. Vyovyote iwavyo, fundi wa Tabora akikwambia sailensa iko juu, usiende nyuma kulitazama bomba la moshi. Utaaibika kama nilivyoaibika mimi. Na kama kuna mji uliostahili kuwa na neno la hali hiyo, ni huu. Hapa misafara ya pwani ilifika ikakaa. Burton na Speke waliingia Kaze mwezi wa Novemba mwaka 1857, na majuma yakapita kabla hawajaondoka kwenda ziwani. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, tangu Stanley alipomwacha mwezi wa Machi hata mwezi wa Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani. Moto unawaka, safari haiendi.

Ili kufahamu kwa nini injini yenye kasoro hujifichua inapopumzika, hesabu kidogo yahitajika, na wasomaji wa ushairi hawataiona ngeni. Injini ya 504 ina silinda nne zilizopangwa katika mstari mmoja, na kila silinda hupiga moto mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Krenki ikizunguka mara 900 kwa dakika, mapigo ya silinda zote ni 1,800, yaani thelathini kwa sekunde moja, nayo hufuatana kwa zamu isiyobadilika: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Kinachoendeleza mzunguko kati ya pigo na pigo ni gurudumu zito la chuma lililofungwa mwisho wa krenki, ambalo mafundi huliita flaiwili. Akiba ya nguvu iliyomo katika gurudumu hilo huongezeka kwa mraba wa mwendo: krenki ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, akiba huwa mara kumi na moja ya ile ya mizunguko 900. Kwa hiyo pigo likikosekana katika mwendo mkubwa, gurudumu hulipa deni bila mtu kujua. Likikosekana katika sailensa, hazina haitoshi kulipa, na injini nzima huyumba.

Mimi sikuanza kwa hesabu hiyo. Nilianza kwa mipira. Injini haikai chuma kwa chuma juu ya motokaa; hukaa juu ya vipande vya mpira mgumu vinavyomeza mtikiso wake, na nilikuwa nimesoma kuwa mipira hiyo ikichoka mtikiso huingia ndani kwa abiria. Nikachungulia kwa kurunzi, nikaona mpira mmoja una ufa. Furaha niliyoipata haikuwa na kipimo. Niliagiza mipira miwili kutoka Gerezani, Dar es Salaam, iliyokwisha tumika lakini mizima, ikaja kwa basi, na mdogo wangu pamoja na kijana wa jirani wakaiinua injini kwa jeki na kuifunga. Kioo kilitulia kidogo. Usukani ulipungua kuwasha. Nikafungua boneti ili nifurahi zaidi, nikaona injini yenyewe inatetemeka kama jana na juzi. Fedha ilikwenda, na nilichokuwa nimefanya ni kumbadilishia mwenye homa kitanda.

Ndipo mama aliponiambia niende Ng'ambo kwa mzee mmoja aliyejifunza ufundi katika karakana za reli kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Nilimkuta kivulini mwa mwembe, amelaza injini ya lori juu ya magurudumu makuukuu.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka. Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili, binti ya dereva?"

Nilikiri. Alisikiliza habari yangu yote, pamoja na ile ya mipira, bila ya kucheka, nikamshukuru moyoni. Kisha aliuliza, "Gari linatikisika au linatetemeka?"

Nilijibu kwamba sioni tofauti. Akanitazama kwa huruma. Alisema kitu hakitikisiki bila ya mtikisaji, lakini chaweza kutetemeka peke yake. Gari likitikisika, injini yaweza kuwa nzima na vishikizo vyake vibovu; likitetemeka, usitafute nje ya injini. Nimefundisha vinyambuo vya vitenzi kwa miaka mingi. Naweza kumwonyesha mwanafunzi kwa ubao na chaki kwamba *tikisika* hutoka katika *tikisa*, tendo lenye mtendaji, na kwamba *tetema* haimhitaji mtu wa pili. Sikupata kufikiri kwamba mtu angeweza kuitumia tofauti hiyo kuchagua spana.

Alikuja asubuhi ya pili kwa baiskeli, na vyombo vyake vimo ndani ya gunia. Baba alikuwa ameketi kitini pake chini ya mwembe. Waliamkiana kwa heshima kubwa, kama watu wawili wa shirika moja, wakaulizana habari za wenzao waliokufa. Kisha fundi aliiwasha motokaa, akaniita nyuma, akaniambia niweke kiganja karibu na mdomo wa bomba la moshi, nisiuguse. "Wewe ni mtu wa mashairi," alisema. "Niambie pengo liko wapi."

Niliona haya mwanzoni, lakini niliweka kiganja. Moshi ulipiga kwa mapigo madogo ya haraka, na mara kwa mara ulikatika, kama mtu aliyekabwa. Nilifumba macho. Kuhesabu mapigo thelathini kwa sekunde haiwezekani kwa binadamu. Lakini kusikia kama pengo hurudi kwa kipimo kimoja, hilo ndilo jambo nililolipwa mshahara kulifanya maisha yangu yote. Nilingoja pengo lirudi mahali pake. Halikurudi. Lilikuja mara mbili kwa karibu, likapotea, likaja tena mahali ambapo sikulitazamia. Nikamwambia fundi kuwa kama hili ni shairi, kasoro yake haiko katika mshororo mmoja. Kila ubeti umeharibika mahali pake.

Alifurahi. Alinieleza kwamba silinda moja ikifa, kwa plagi au kwa waya au kwa vali iliyoungua, pengo huja kwa zamu, kila baada ya mizunguko miwili, na mtu mwenye subira hulihisi kama mwendo wa kilema. Pengo lisilo na zamu ni dalili ya njaa: silinda zote zinafanya kazi, lakini hakuna inayoshiba, na kila moja hukosa moto kwa bahati yake. Hata hivyo hakuliamini sikio langu wala lake. Alichukua koleo lenye mikono ya mpira, akachomoa waya za plagi moja baada ya moja huku injini inazunguka. (Msomaji asilijaribu hilo kwa mikono mitupu, maana umeme wa plagi hupiga kwa maelfu ya volti.) Silinda iliyokufa hujulikana hapo, kwa kuwa ukichomoa waya wake injini haibadiliki, haikuwa na mchango, na kuondoka kwake hakuleti upungufu. Kwa waya zote nne injini ililegea, na ililegea kiasi kimoja. Basi silinda zote zilikuwa hai. Alichomoa plagi zenyewe akanionyesha ncha zake: zilikuwa nyeupe nyeupe badala ya kuwa na rangi ya hudhurungi kama biskuti. Hewa nyingi, petroli kidogo.

Kilo moja ya petroli huhitaji kilo kumi na tano hivi za hewa ili iungue sawasawa, na kabureta ndiyo mpishi anayevichanganya. Iwapo hewa nyingine inaingia kwa mlango ambao mpishi haujui, mchanganyiko huharibika. Mtu akikanyaga mafuta, kilango cha kabureta hufunguka, hewa halali huingia kwa wingi, na ile ya wizi huwa haina maana mbele yake. Katika sailensa kilango hukaribia kufungwa. Injini huvuta lakini hapana pa kuvutia, na ndani ya manifoldi kanieneo hushuka chini ya nusu ya ile ya nje. Hapo ufa mdogo unakuwa mlango. Nilipouliza kwa nini ufa huo haukujulikana mapema, fundi aliinua mabega. Mimi nina dhana yangu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humwaga huku petroli kupita haja. Huenda ziada hiyo ndiyo iliyoustiri ufa ulipokuwa ungali mdogo.

Kutafuta ufa kulichukua muda uliobaki wa asubuhi. Fundi alitia maji ya sabuni katika chupa yenye tundu, akayanyunyiza polepole kando ya gasketi ya manifoldi, kisha chini ya kabureta, akitega sikio. Maji yakivutwa ndani, sauti hubadilika. Haikubadilika. Alikagua mpira mwembamba unaokwenda kwenye distributa, nao ulikuwa mzima. Palibaki mpira mmoja mnene, wenye unene wa kidole gumba, uliotoka katika manifoldi ukapita nyuma ya injini kwenda kwenye bakuli jeusi la chuma lililofungwa katika ukuta wa mbele ya dereva. Aliuzungushia kitambaa, akaubana kwa koleo.

Injini ilitulia. Siwezi kulieleza kwa namna nyingine. Ilikuwa kana kwamba mtu aliyekuwa akilia chumba cha pili amebembelezwa. Kisha mwendo wake ukapanda, ukawa wa haraka kupita kiasi, lakini ulikuwa sawa, na kioo cha kutazamia nyuma kilisimama kabisa hata nikayaona majani ya mwembe ndani yake moja moja. Fundi aliachia koleo, mtetemo ukarudi. Akabana; ukaondoka. Alifanya hivyo mara tatu, na nadhani mara ya tatu ilikuwa kwa ajili yangu.

Chini ya mpira ule, mahali pasipoonekana, palikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha. Fundi aliuchomoa, akaukunja, mpasuko ukafunguka kama mdomo. Akauliza, akiwa ameinama bado, "Na breki za gari hili zikoje?"

Sikujibu, kwa kuwa nilikuwa sijaelewa. Aliyejibu ni baba, kutoka kitini.

"Nzito," alisema. "Zilinishinda."

Bakuli lile jeusi mafundi huliita busta. Ndani yake mna utando unaoligawa sehemu mbili. Mvuto wa injini huja kwa mpira ule mnene na kuitoa hewa pande zote mbili. Dereva akikanyaga, hewa ya nje huruhusiwa upande mmoja tu, nayo husukuma utando kwa nguvu iliyo kubwa kuliko ya mguu wa mtu. Mpira ukipasuka, msaada hupungua au hukoma, na dereva hubaki na mguu wake mtupu dhidi ya motokaa yenye uzito wa zaidi ya tani moja. Ufa uliokuwa ukiitetemesha injini ndio ulioifanya breki kuwa jiwe. Fundi alilieleza hili kwa utulivu, kwa sauti ya kumfikia baba, na alipomaliza alikwenda kunawa mikono, nadhani kwa adabu.

Nilihesabu miaka. Niliuliza mtetemo ulianza lini, na baba akasema kwamba ulianza kabla ya yeye kuacha kuendesha, mwaka mmoja labda, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akipandisha sailensa kidogo kidogo kwa bisibisi ili usisikike. Ndiyo sababu injini ilikimbia tulipoziba ufa: skrubu ilikuwa imekazwa kufidia hewa ya wizi. "Nilidhani ni uzee wake," alisema. Mwaka huo huo ndio alioanza kuuficha mkono wake mfukoni, nasi hatukuuliza.

Mpira mpya ulipatikana dukani mjini kwa bei isiyofika sehemu ya kumi ya ile mipira yangu ya Gerezani. Fundi alisisitiza kwamba usiwe mpira wa maji wala wa petroli, ila ule mgumu wa breki usiokunjana unapovutwa. Alipoufunga alirudisha skrubu ya sailensa hata injini ikakaa karibu na mizunguko 900. Alisafisha pointi za distributa, akapima nafasi yake kwa fila, akapangusa mikono. Halafu alimwendea baba, akamwambia, "Dereva, njoo unisaidie kupima."

Mimi nilitaka kusema kuwa naweza kupima mwenyewe. Mama alinishika mkono.

Baba aliinuka polepole, akaja, akaketi penye usukani kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2021. Fundi alimwagiza akanyage breki mara kadhaa huku injini imezimwa, mpaka akiba yote ya mvuto iishe na pedali iwe ngumu, kisha aushikilie mguu pale pale. Baba akafanya hivyo. Niliuona mshipa wa shingo yake. Fundi akaniashiria, nami nikaingiza mkono dirishani nikawasha. Busta ikiwa nzima, injini inapowaka pedali hushuka kidogo chini ya mguu, yenyewe, kama mtu anayekukaribisha upite.

"Inashuka," alisema baba.

"Inashuka?" aliuliza fundi.

"Inashuka." Akaiachia, akaikanyaga tena, safari hii kwa ncha ya kiatu, ikaenda. "Basi haikuwa mguu."

Hapana aliyesema neno. Alirudia kuikanyaga mara nyingi, nyingi kuliko zilizohitajiwa na kipimo chochote, na mkono wake wa kuume, uliokuwa umeushika usukani, ulikuwa umetulia.

Sisemi kwamba baba angaliweza kuendelea kuendesha. Maradhi yake ni ya kweli, na daktari alimkataza waziwazi mwezi wa Septemba uliofuata, kwa sababu za macho na wepesi wa kuamua, siyo za mguu. Inawezekana kwamba ule mpira uliopasuka ulimwondoa barabarani kwa wakati wake, na kwamba mtu mwingine wa baiskeli anaishi kwa sababu hiyo. Nimelifikiri jambo hili kwa pande zote. Lakini kwa miaka miwili mtu aliyepitisha magari ya moshi usiku kati ya Kaliua na Uvinza aliamini kwamba mguu wake umemsaliti, naye aliuamini upesi kwa sababu sisi sote tuliamini upesi. Tulikuwa na jina la ugonjwa mkononi, na kila kilichoharibika karibu naye tulikitia ndani ya jina hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuikanyaga pedali. Fundi alibana mpira mara tatu kabla ya kusadiki. Mimi nilisadiki kwa simu.

Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja Ijumaa, baba mdogo akamrudisha mwenyewe, kwa maneno makali kana kwamba ndiye aliyekosea.

Siku ya mwisho ya likizo yangu baba alisema, "Mama, nipeleke stesheni." Huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Niliendesha mimi, naye akakaa kushoto. Tulisimama penye mti mbele ya jengo la stesheni, nikaacha injini inazunguka, kwa majivuno, maana sasa ilikuwa ikiunguruma kwa sauti ya chini hata tuliwasikia wauza karanga wakipatana bei. Hapana gari la moshi lililokuwa limefika. Baba alinyamaza kitambo, kichwa chake kimeinama upande.

"Sailensa bado iko juu kidogo," alisema.

Nilisikiliza. Sikusikia kitu. Nilimwambia kuwa fundi ameipima.

"Mwambie aishushe. Inakula mafuta bure."

Asubuhi yake, kabla ya basi langu, nilimpigia fundi simu. Alikuja kwa baiskeli, akaiwasha, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, akatia bisibisi, akairudisha skrubu robo ya mzunguko.

"Dereva yu sawa," alisema, akafunga boneti.